Sura ya Sita: Nani Anaomba, Nani Anatoa

Mgeni anayejifunza Kiswahili hukwama mapema kwenye kitenzi “kupiga”. Ameshafundishwa kwamba ni kumchapa mtu, kisha anasikia tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki na kila baada ya miaka mitano tunapiga kura, na hakuna aliyeumia. Akihamia “kula” mambo yanazidi: kiapo huliwa, rushwa huliwa, njama huliwa, hata hasara huliwa, lakini ushindi hauliwi. Ndoa hufungwa na safari hufungwa, talaka hutolewa. Mgeni akiuliza sababu, mzee wa Kiswahili atamjibu kwamba ndivyo tunavyosema. Jibu hilo si uvivu. Maneno huandamana kwa mazoea, na mazoea hayo hayamo kwenye kanuni za sarufi.

Kiingereza nacho kina maandamano yake, na sura hii inafuata neno moja tu, “approval”. Nimelichagua kwa sababu mtu wetu anayeandika Kiingereza hukutana nalo kabla hajapata meza yake ofisini: anaomba mkopo, anaomba likizo, anaomba kufanya utafiti, anapeleka bajeti juu. Sababu ya pili ndiyo iliyonivutia zaidi. Katika ofisi zetu jalada hupanda na kushuka; kila mtumishi anajua liko ngazi gani na linasubiri kalamu ya nani. Kiingereza huficha ngazi hizo ndani ya vitenzi vinavyoandamana na “approval”. Ukikosea kitenzi utaeleweka, ila utakuwa umemweka mtu ngazi isiyo yake.

Inafaa kujua kwamba walioanza kuyakusanya maandamano haya kwa bidii hawakuwa wamekaa London. Mwaka 1922 Mwingereza Harold Palmer alikwenda Tokyo kuwa mshauri wa lugha wa Wizara ya Elimu ya Japani. Mwaka uliofuata alianzisha taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza, na mwaka 1933 akatoa ripoti nene iliyohusu maandamano ya maneno tu. Mwenzake A. S. Hornby, aliyekuwa naye akifundisha Japani, aliendeleza kazi hiyo hadi ikawa kamusi, iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Oxford waliichapa upya mwaka 1948. Ndiyo mama wa ile kamusi nene ambayo vizazi vya wanafunzi wa sekondari wa Afrika Mashariki wameibeba kwenye mikoba. Si ajabu kwamba kazi hiyo ilizaliwa ugenini. Mwenye lugha hasikii maandamano ya maneno yake mwenyewe, kama sisi tusivyosikia kichekesho cha kupiga mswaki. Mwaka 1957 J. R. Firth, profesa wa isimu wa London, aliandika kwamba neno hufahamika kwa kutazama linatembea na nani, na kuanzia miaka ya 1980 John Sinclair na wenzake wa Birmingham waliingiza mamilioni ya maneno ya Kiingereza kwenye kompyuta ili wahesabu matembezi hayo badala ya kuyabuni. Kamusi yao ya COBUILD ilitoka mwaka 1987.

Tuanze chini, aliko mwombaji. Kitenzi cha barua na cha heshima ni “seek”: “we seek your approval”. Cha mazungumzo ni “ask for”. Katikati yake kuna “request”, ambacho ndicho kinachotuangusha wengi. Kuanzia Kampala hadi Dodoma utaona barua zikisema “I request for your approval”, na mhariri wa Kiingereza akiziona anakata hiyo “for”. Nadhani chanzo chake kiko pale juu ya barua, kwenye mstari tunaouanza kwa YAH. Kwa Kiingereza mstari huo husomeka “Request for approval”, na ni sahihi kabisa, kwa kuwa hapo “request” ni nomino. Mwandishi anashuka aya ya kwanza akiwa bado na mstari ule kichwani, anaigeuza nomino kuwa kitenzi, na “for” inamfuata bila kualikwa. Kitenzi hakiitaki. Andika “I request your approval”, au ukitaka kuwa mnyenyekevu zaidi, “I would like to seek your approval”.

“Approval” ikishapatikana, Kiingereza hakitosheki na “get”. “Obtain” ni cha makaratasi: umefuata utaratibu, umelipa ada, umepewa. “Secure” kina jasho ndani yake, kama mtu aliyekuwa na wasiwasi na sasa amefunga mlango kwa komeo. “Win” kinahitaji mtu ambaye angeweza kukataa na pengine alitamani kukataa: mpango hu-“win” approval ya bunge lenye upinzani mkali, tamthilia hu-“win” approval ya wahakiki. Ukimwandikia afisa utumishi kwamba ume-“win” approval yake ya likizo ya siku saba, anaweza kujiuliza mlikuwa mnagombania nini. Na “earn” kimetoka kabisa ofisini. Mtoto hu-“earn” approval ya baba yake kwa miaka mingi ya kuhangaika, na hakuna muhuri unaopigwa mwisho wa kazi hiyo.

Sasa panda juu. Kitenzi cha kila mtu ni “give”, na Kiingereza hupenda kukiwekea kimilikishi: “the board gave its approval”, “my mother gave her approval”. Wengi wetu huandika “gave an approval”, kwa sababu tumefundishwa kwamba nomino ya umoja haiendi bila kitangulizi. Hii huenda. “Approval” kwa kawaida haihesabiki, ila pale inapokuwa kitu cha orodha, kama idadi ya dawa zilizopitishwa katika mwaka.

Juu ya “give” kuna “grant”, na hapa ndipo penye mambo. “Grant” hushuka tu. Mahakama hu-“grant”, serikali hu-“grant”, benki hu-“grant”. Rafiki hawezi. Kwa hiyo mwandishi akichagua “grant” amekubali kwamba mtoaji ana mamlaka. Akichagua “give” ameliacha swali hilo wazi. Chukua mfano wa ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Sasa soma ripoti za Kiingereza za miradi na uangalie vitenzi. Ripoti moja itasema “the village assembly granted its approval”, na hapo wanakijiji wameketi kwenye kiti walichopewa na sheria. Nyingine itasema “the villagers gave their approval”, na wamekuwa watu wema waliotikisa vichwa. Ya tatu itasema “the villagers were consulted”, na neno lenyewe limeyeyuka. Sisemi kila mwandishi wa ripoti ana hila. Wengi hunakili ripoti ya mwaka jana. Lakini anayetafsiri ripoti ya tatu kwa Kiswahili na kuandika kwamba wananchi waliridhia amewasingizia wananchi jambo ambalo Kiingereza chenyewe hakikulisema.

Kitenzi “approve” nacho kina sura mbili, na mpaka wake ni neno dogo “of”. “The minister approved the project”: waziri ametia saini, na anachokifikiria moyoni hakituhusu. “The minister approves of the project”: waziri anaupenda mradi, na huenda hana hata uwezo wa kuutilia saini. Upande mmoja kuna kalamu, upande mwingine kuna moyo. Kiingereza kinaruhusu kabisa kusema kwamba mtu “approved” jambo ambalo hakuwahi “approve of”, na wasimamizi wengi wa fedha watakuambia hayo ndiyo maisha yao. Kinyume chake, baba asiye-“approve of” mchumba wa binti yake hajakataa kitu chochote kisheria. Amenuna tu. Kwa Kiswahili tunatenganisha kwa vitenzi viwili, kuidhinisha na kupendezwa, kwa hiyo “of” tunaiona kama vumbi na kuifuta. Waswahili wengi wanaojua Kiingereza vizuri huiacha pale inapotakiwa, na wengine huiweka hata kwenye bajeti: “the council approved of the budget”. Maana yake madiwani waliitazama bajeti wakafurahi. Kama waliipitisha, hatujaambiwa.

Tatizo linalotupata sisi hasa limetoka kwenye neno “kibali”, lililobeba mizigo mingi mno. Kibali cha kazi, kibali cha ujenzi, kibali cha mkutano, na kanisani Mungu akupe kibali mbele ya bosi wako. Kiingereza kimeugawa mzigo huo, na kila kipande kina wenzake wa kutembea nao. Kibali cha kazi ni “work permit”. Hakuna atakayekuelewa haraka ukisema “work approval”. Kibali cha ujenzi kwetu kwa Kiingereza ni “building permit”, lakini Mwingereza anayetaka kuongeza chumba nyuma ya nyumba yake anaomba “planning permission”. Mtafiti anayekuja Tanzania hupata “research permit” kutoka COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Akivuka mpaka wa Namanga, tume ya Kenya, NACOSTI, inampa “research license”. Akifanya utafiti wa afya Tanzania, NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba, wanampa cheti cha “ethical clearance”, na msimamizi wake aliyeko chuo cha Uingereza atakuwa anamuuliza kwa barua pepe kama amepata “ethical approval”. Wote wanazungumzia aina moja ya karatasi. Hapa mantiki haikusaidii. Tazama juu ya fomu imeandikwa nini, na utumie neno hilohilo hadi mwisho wa barua.

Vivumishi vina mitego yake, na mbaya kuliko yote ni “qualified”. Kwetu mtu “qualified” ni mtu aliyefuzu, mwenye vyeti, anayefaa. Basi mkurugenzi akisoma kwamba mpango wake umepata “qualified approval”, anawaita vijana wanunue soda. Kumbe ameambiwa mpango umekubaliwa kwa shingo upande, pamoja na masharti. Wanaofuatilia ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali ya Tanzania, wameshakutana na kiumbe huyu kwa jina jingine. “Unqualified opinion” ya wakaguzi ndiyo hati inayoridhisha, ambayo mitaani tunaiita hati safi. “Qualified opinion” ni hati yenye shaka. Neno lile linalosikika kama sifa ndilo lenye doa, na lile linaloanza kwa kukanusha ndilo safi.

Ndugu yake ni “approval in principle”. Sisi hutafsiri kuwa wamekubali kimsingi, na msikilizaji wa Kiswahili husikia kwamba jambo kubwa limekwisha, yamebaki madogo. Kwenye benki na wizarani hayo madogo yanaweza kuwa ndiyo jambo lenyewe: riba kiasi gani, dhamana ipi, lini. Mkopo uliokubaliwa “in principle” haujakubaliwa. Vilevile “subject to approval”, maneno matatu ambayo huketi kimya mwishoni mwa ahadi nono. Ukiyaona, rudi juu usome ahadi upya, safari hii ukiamini kwamba bado haijatolewa. “Prior approval” nayo inakudai uombe kabla ya kutenda. Mafundi na maofisa ununuzi wameponzwa sana na hiyo “prior”. “Tacit approval” ni ile ya mtu aliyeona akanyamaza, na magazeti huitumia karibu kila mara kwa lawama, kwa mkubwa aliyejua uovu unatendeka na asiseme.

Hilo la lawama lina historia ya karibu na kwetu. Bill Louw, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe, alichapisha mwaka 1993 makala iliyowafumbua macho wengi. Alionyesha kwamba neno likizoea kutembea na wabaya linanuka ubaya hata likionekana peke yake, na kwamba mwandishi anayelisahau jambo hilo ama anakejeli kwa makusudi ama anajifichua bila kujua. Angalia mihuri na vichwa vinavyotikiswa. “Stamp of approval” ni sifa njema. “Seal of approval” ni njema zaidi, na Wamarekani waliizoea kupitia jarida la Good Housekeeping, ambalo tangu mwaka 1909 limekuwa likitoa nembo yake kwa bidhaa lilizozipima. Hadi leo mwanasiasa aliyekubalika na wakubwa wa chama huambiwa amepewa nembo hiyo, kama vile ni jiko la umeme. Lakini weka mpira kwenye muhuri uleule. “Rubber stamp” ni tusi. Bunge la “rubber stamp” ni lile ambalo sisi tungesema kazi yake ni kugonga meza na kuitikia ndiyo. “A nod of approval” ni kichwa cha mwalimu aliyeridhika. “Nodded through” ni hoja iliyopita bila kusomwa. Mtafsiri wetu mmoja niliyemsahihishia kazi aliandika, kwa nia njema kabisa, kwamba kamati “rubber-stamped” mapendekezo ya wataalamu. Alitaka kusema imeyapigia muhuri. Wajumbe wangeisoma ripoti ile kwa Kiingereza wangemtafuta.

Kuna mahali ambapo neno hili limeacha kabisa kalamu na kugeuka namba. Kuanzia enzi za Rais Franklin Roosevelt, kwa miongo mingi shirika la Gallup lilikuwa likiwauliza Wamarekani kama wana-“approve” au wana-“disapprove of” namna rais anavyofanya kazi yake, na jibu huitwa “approval rating”. Namba hiyo ina vitenzi vyake yenyewe, vilivyoazimwa kwenye soko la hisa na hali ya hewa: hupaa, huporomoka, huelea, hufikia chini kabisa. George W. Bush alifika asilimia 90 siku chache baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, na mwishoni mwa 2008 alikuwa ameporomoka hadi 25. Harry Truman aligusa 22 Februari 1952. Msomaji wa Kiswahili akitafsiriwa kwamba rais ameidhinishwa na asilimia 22 ya wananchi anaweza kudhani kulikuwa na kura. Hapakuwa na kura. Ni ile “of” ya moyo, imepigiwa hesabu.

Mwisho kuna neno ambalo huchukua nafasi ya “approval” mahali pamoja na haliachii. Muswada ukipita Bunge la Uingereza hauendi kwa mfalme kutafuta “approval”. Unakwenda kupata “Royal Assent”, na vitenzi vyake ni viwili tu vya kawaida: mfalme hu-“give”, au kwa urasmi zaidi hu-“grant”, na muswada hu-“receive”. Kenya waliirithi “assent” na wangali nayo: Katiba ya 2010 inampa Rais siku 14 awe ame-“assent to” muswada au ameurudisha bungeni. Usiandike “assented the bill”. Bila “to” haisimami. Dodoma, Spika akihoji, wabunge wanaoafiki husema ndiyo na wasioafiki husema siyo, na kitenzi “kuafiki” kimekuwa cha ukumbi ule kiasi kwamba mtu akikitumia nyumbani anaonekana anatania. Kila bunge lina neno lake la kuketia.

Kukataa ndiko Waingereza walikokuwa mafundi. Mtawala wao wa mwisho kuunyima muswada saini alikuwa Malkia Anne, Machi 1708, muswada ukihusu wanamgambo wa Uskoti. Hata hivyo kauli rasmi ya kukataa, inayotamkwa kwa Kifaransa cha zamani, haina neno la kukataa ndani yake. Inasema tu kwamba mtawala atalitafakari. Sisi hatuna haja ya kufundishwa maana yake, tunaoambiwa kila siku kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Barua za leo zinafuata nyayo zilezile. Ofisi hai-“refuse” approval kama inaweza ku-“withhold”, yaani kuishikilia. Na kama inaweza kusema “we are not in a position to approve your request at this time”, itasema hivyo. Hiyo “at this time” isikufanye uhesabu siku.

Lakini kuna kauli moja ya upole ambayo si geresha. Idara za serikali ya Uingereza huandika kwamba waziri ni “minded to approve” au “minded to refuse”. Ina maana ameelekea upande huo ila hajaamua, na kwa kawaida barua yenyewe inataja tarehe ambayo wahusika wanaweza kuleta hoja zao kabla yake. Watu hupoteza nafasi hiyo kwa kuisoma “minded to refuse” kana kwamba ni “refused”. Ukiipata, tafuta tarehe, kwa kawaida iko aya za mwisho, na uandike hoja zako. Ukipata “refused” yenyewe, kinachobaki ni rufaa, na rufaa ina vitenzi vyake: hu-“lodge”, hu-“uphold”, hu-“dismiss”. Tutaikuta sura ijayo.